Kuwa Fundi Ukiwa na Miaka 39: Nani Analipa?

MUME: Nina miaka 39. Kwa miaka kumi na miwili nimetunza stoo ya vifaa vya ujenzi kwenye ghala moja la Barabara ya Nyerere, na mshahara wangu hadi leo haujafika laki nne. Mafundi wanakuja na orodha, nawatolea waya, mabomba, swichi na breka, naandika kwenye leja, wanasaini, wanaondoka. Fundi akimaliza nyumba moja anapata ninachopata mimi kwa mwezi, pengine na zaidi. Nataka Januari niingie chuo nisomee umeme wa majumbani. Anayeona nakosea anioneshe kosa kwa hesabu, asinioneshe kwa umri wangu.

MKE: Tuhesabu, Baba Salma, ila tusianzie kwenye ada. Kila ukilileta jambo hili unaanza na ada kwa sababu ada ndiyo nyepesi kuitamka. Shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa wa chuo cha ufundi cha VETA, hiyo nitaitoa kwenye kikoba. Gharama yenyewe ni mshahara utakaokatika. Ukiacha kazi Desemba, laki tatu na themanini haziingii Januari, haziingii Februari, haziingii hadi umalize. Kwa miezi kumi na miwili hiyo ni milioni nne na nusu na ushee. Hapo sijahesabu nauli ya daladala mbili kutoka hapa Chanika hadi chuoni Chang'ombe, wala vifaa, wala sare ya karakana.

MUME: Si lazima nisome miaka mitatu mfululizo. Mafunzo yamegawanywa ngazi tatu. Ukimaliza ya kwanza unapata cheti chake, unaweza kutoka ukafanya kazi, ukarudi baadaye kwa ya pili. Naomba mwaka mmoja tu, Mama Salma, baada ya kumi na miwili ya leja.

MKE: Mwaka mmoja kwako ni kodi mara nne kwangu, maana mwenye nyumba anataka miezi mitatu mitatu. Salma yuko kidato cha pili. Serikali ilifuta ada tangu Januari 2016, lakini daftari, sare, nauli na chakula cha mchana havikufutwa. Na mama yako anatumia dawa za presha kila siku inayokuja duniani. Kadi ya bima inayomtibu imo ndani ya ajira hiyohiyo unayotaka kuiacha.

FUNDI: Niruhusuni niseme na mimi, dada. Shemeji, napinga, na nakupinga kwa sababu nakutakia mema. Unaenda darasani kutafuta nini? Mimi nilianza kama saidia fundi nikiwa kijana. Nilitindua kuta, nikabeba ngazi, nikavuta waya darini juani, na jioni nililipwa. Sikumlipa mtu anifundishe. Leo nafanya nyumba nzima tangu mchoro hadi taa zinawaka. Njoo Jumamosi na Jumapili nikufundishe, kazi yako ya ghala ubaki nayo.

MUME: Shemeji, ile nyumba uliyomaliza hapa Chanika, fomu ya kupeleka TANESCO uliisaini wewe?

FUNDI: Alisaini mwenye leseni. Nilimlipa.

MUME: Aliiona nyumba?

FUNDI: Hakuiona. Aliniamini.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapokosa usingizi mimi ninayefundisha umeme chuoni. Kufunga mfumo wa umeme ni kazi ya leseni, na leseni inatolewa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, kulingana na elimu ya fundi na ukubwa wa kazi anayoiweza. Mwenye leseni akisaini, anathibitisha kwamba ethi imepimwa, kwamba waya wa moto haujagusana na bomba la chuma, kwamba breka itakata kabla waya haujaungua. Kama hakufika, amethibitisha asichokijua, na usiku huo kuna watoto watakaolala chini ya dari hilo.

FUNDI: Mwalimu, usinifanye muuaji. Naweka waya wa milimita 1.5 kwenye taa na 2.5 kwenye soketi, kama mnavyofundisha. Jiko la umeme nalivutia laini yake peke yake. Nimekutana na wahitimu wenu wenye vyeti viwili ambao hawajawahi kupanda darini mchana wa Februari. Kazi hii iko mikononi.

MWALIMU: Sijasema hujui. Nasema hakuna aliyekupima. Na kwa mtu kama wewe mlango upo. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unafanya kazi mbele ya mpimaji, unaulizwa maswali, palipopungua unafundishwa, kisha unapewa cheti kama wengine. Huhitaji kukaa darasani miaka. Kwa nini hujauingia?

FUNDI: Kwa sababu siku ya kupimwa ni siku isiyo na ujira. Na kwa sababu ya karatasi. Mkononi naijua kazi, ila ukiniwekea mchoro na kunitaka nikokotoe, natetereka. Sitaki kutetereka mbele ya vijana ninaowaajiri.

MUME: Basi umejibu swali lako mwenyewe, shemeji. Umeniuliza naenda darasani kutafuta nini. Naenda kutafuta hicho kinachokufanya umlipe mtu mwingine asaini kazi ya jasho lako.

FUNDI: Lakini nakula, shemeji. Watoto wangu wanakula leo, si mwakani.

MKE: Ninyi mnabishania mkono na cheti. Mimi bado niko kwenye miezi. Baba Salma, niambie nyumba itaishi kwa nini kuanzia Januari hadi Desemba.

MUME: Nilienda kuulizia NSSF. Kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Nikajua nimepata. Wakaniambia fao hilo ni la aliyepoteza ajira, aliyejiuzulu mwenyewe hahusiki. Nikifukuzwa kwa kupunguzwa kazi ninasaidiwa. Nikiondoka ili nijifunze kazi bora zaidi siguswi. Nikaulizia mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani. Ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyenye biashara, na mimi biashara sina. Nikaulizia programu ya serikali ya kukuza ujuzi, ile inayowapeleka watu kwenye uanagenzi. Ni ya vijana, na kijana kwa sera ya taifa ni wa miaka 15 hadi 35. Nimezidi miaka minne.

MKE: Kwa hiyo anayekopesheka ndani ya nyumba hii ni mimi.

MUME: Sijasema hivyo.

MKE: Umeisema kwa kuzunguka. Mkopo nichukue mimi, marejesho nilipe mimi kutoka kwenye vitumbua, na darasani uende wewe. Na mkopo wa halmashauri ukichelewa, tutaishia kwa wale wa kausha damu, wanaokupa laki tano leo na wiki ijayo wako mlangoni wanabeba friji. Jirani yetu walimbebea kitanda. Nyumba yangu haiingii huko kwa sababu ya cheti chochote.

MWALIMU: Mama, hapo niko pamoja na wewe. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo wa namna hiyo hafiki mtihani. Lakini naomba usikilize upande wa pili wa hesabu, maana kubaki pia kuna gharama. Mumeo ana miaka 39. Akibaki ghalani atafanya kazi kwa mshahara huo kwa miaka ishirini mingine, kama ghala litakuwepo na kama mzigo hautahesabiwa na kompyuta. Milioni nne na nusu ya mwaka mmoja ni kubwa. Tofauti ya kipato cha miaka ishirini je?

FUNDI: Mwalimu, hiyo tofauti iko kwenye vitabu. Nikueleze ilivyo huku mtaani. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini ilipanda kutoka 27,000 hadi 320,960. Vijijini ilibaki 27,000. Wateja wangu wa pembezoni mwa jiji walisimama kama maji yaliyofungwa bomba. Nyumba ziko tayari, mabomba yamo ukutani, mwenyewe anasema ngoja nitafute hiyo laki tatu. Akisimama yeye, na mimi nimesimama. Halafu masika: Machi hadi Mei ujenzi unapungua. Halafu kuna "nitakumalizia." Mteja anakupa nusu, unafunga kazi, nusu iliyobaki unaifuata mwaka mzima. Shemeji ana mshahara unaoingia tarehe thelathini, hata kama ni mdogo. Hajui maana ya tarehe thelathini isiyokuwepo.

MUME: Naijua, shemeji. Nawaona mafundi wanavyokopa vifaa dirishani kwangu. Najua nani analipa na nani anakwama, najua bei ya kila rola ya waya na duka gani linauza waya ambao shaba yake imepunjwa. Hayo sikuyasomea popote, na siku nikiwa fundi hakuna atakayenidanganya.

MWALIMU: Na soko si kuunganisha nyumba mpya peke yake. Umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, sasa kazi iko kwenye vitongoji. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie kufikia 2034. Watu wananunua majiko na sufuria za umeme wanazichomeka kwenye soketi za nyumba zilizofungwa zamani kwa ajili ya taa na redio. Nyaya hizo zinahitaji kubadilishwa, na kubadilisha nyaya ndani ya nyumba inayokaliwa si kazi ambayo watu humpa yeyote. Fundi umeme anaingia chumbani, anapanda darini, anafungua kabati lililoficha kisanduku cha breka. Mwenye nyumba anaangalia sura yako kabla hajaangalia cheti. Mtu mzima mwenye familia, anayesalimia vizuri, anayeandika alichotumia, ana kitu ambacho kijana wangu wa miaka 19 atakisubiri miaka kumi.

FUNDI: Hilo kweli. Wateja wangu wakisafiri wananiachia funguo. Nilipokuwa kijana walinisimamia mlangoni.

MKE: Na magoti je? Kijana wa miaka 19 anapanda ngazi mara hamsini kwa siku. Huyu akicheza mpira wa maveterani Jumapili, Jumatatu anaomba maji ya moto.

MUME: Magoti ni yangu, niachie.

MKE: Si yako peke yako. Ukianguka darini nitakuuguza mimi. Fundi anayejiajiri hana fidia ya kazini wala siku ya kuumwa. Ameanguka, hajaingiza.

MWANDISHI: Naomba kuingia hapa, kwa sababu jambo moja linapita katikati ya mazungumzo bila kushikwa. Fedha zimehesabiwa, soko limehesabiwa, magoti yamehesabiwa. Saa hazijahesabiwa. Mwanafunzi mtu mzima anaondoka alfajiri na kurudi usiku, na kila saa anayokaa chuoni kuna mtu nyumbani anayeibeba. Mara nyingi mtu huyo haulizwi. Naomba aulizwe.

MKE: Asante. Naamka saa kumi alfajiri kukanda na kuchoma vitumbua. Saa kumi na mbili niko barabarani nauza. Saa tatu narudi kumwogesha mama mkwe, kumpa dawa na uji. Mchana sokoni, maji, kufua. Jioni naanza kuloweka mchele wa kesho. Baba Salma akitoka ghalani huwa anamgeuza mama yake kitandani usiku, anamsaidia mtoto wa darasa la tano hesabu, na Jumamosi anaenda kuninunulia mchele na mafuta kwa jumla. Hayo anayafanya, namshukuru, si kila nyumba inayo. Sasa akiingia chuo, yote hayo yanakuja kwangu, juu ya niliyonayo, na mshahara haupo. Mnaponiambia mwaka mmoja wa kujinyima, mjue anayejinyima kwanza ni nani.

MUME: Mimi ndiye nitakayekuwa nakula muhogo mkavu Chang'ombe.

MKE: Muhogo utakula wewe, na cheti ni chako. Mimi nitakula muhogo huohuo na cheti sina. Na nikwambie jambo ambalo hujalitaja hata mara moja katika hesabu zako. Mwaka aliozaliwa mtoto wa tatu nilikuwa nimeshachukua fomu ya ushonaji. Kozi fupi, miezi michache. Mama yako akapooza upande. Nikairudisha fomu kwenye begi. Cherehani ya mama yangu mzazi iko chini ya kitanda mpaka leo. Hakuna aliyeitisha mjadala wangu.

MUME: Hukuniambia kwamba ulitaka kwa kiasi hicho.

MKE: Nilikwambia. Ukasema subiri mama apone.

MUME: Nilisema. Nakumbuka nilisema. Sikuwa na jibu jingine, Mama Salma, na leo sina uhakika kama ninalo. Lakini nikuulize: kwa sababu wewe ulizuiwa, na mimi nizuiwe? Tubaki wawili hapahapa, tuwe sawa kwa kukosa? Nikiingia mimi nikaanza kuingiza, ndipo na wewe utapata nafasi.

MKE: Hiyo "ndipo" nimeisikia kwa wanaume wengi mtaani. Mume akishaanza kuingiza, kunakuja kiwanja, kunakuja msingi, kunakuja bati. Zamu ya mke haifiki, kwa sababu haikuandikwa mahali. Mimi sikatai usome. Nakataa usome kwa zamu yangu bila kusema kwamba ni zamu yangu.

MWANDISHI: Sitajificha: hapa niko upande wa Mke. Tunaposifu wanaume na wanawake wanaoanza upya wakiwa na familia, huwa tunamsifu aliyeshika cheti. Wa pili hatajwi hata kwenye picha ya mahafali.

FUNDI: Dada, basi nirudie ombi langu. Jumamosi na Jumapili aje kwangu. Ajira anabaki nayo, bima anabaki nayo. Mwaka mmoja na nusu mkono utakuwa umekaa, kisha aende apimwe huo ujuzi anaousema Mwalimu. Hakuna mshahara utakaokatika.

MWALIMU: Ni njia halali, na wengi waliofanikiwa wamepita hapo. Lakini ina sharti, nawe unalijua. Atajifunza unachokijua wewe na makosa yako pia. Ukiwa hupimi ethi, hatapima. Mchoro unaokutia hofu na yeye utamtia hofu. Saidia fundi anaoneshwa jinsi. Haelezwi kwa nini. Siku atakapokutana na jengo la umeme wa njia tatu, au mfumo wa sola uliounganishwa na gridi, atarudi palepale pa kumlipa mtu muhuri.

FUNDI: Na wenu wanajifunza wapi kudai hela kwa mteja mkaidi? Darasani?

MWALIMU: Hawajifunzi, na hilo ni pengo letu. Ndiyo maana napenda mfumo wa uanagenzi pacha, ambapo mwanafunzi anagawanya muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi. Lakini nafasi zake ni chache, na waajiri wanapendelea kijana wa kumlea tangu mwanzo. Kuna madarasa ya jioni pia. Ghala lake liko Barabara ya Nyerere. Chang'ombe ni jirani. Akitoka kazini saa kumi na moja anawahi.

MKE: Na Chanika anafika saa ngapi?

MUME: Darasa likiisha saa mbili usiku, na foleni ikiwa ya kawaida, saa nne.

MKE: Saa nne. Watoto wamelala, mama yako ameshageuzwa mara moja na mimi. Asubuhi unaondoka saa kumi na moja. Tutakuwa tunaonana Jumapili, kama fundi huyu hatakuchukua Jumapili.

MUME: Kwa muda, Mama Salma.

MKE: Naelewa kwa muda. Nataka kujua muda gani, na nani anamgeuza mama saa tatu usiku katika muda huo.

MWALIMU: Nikwambie ukweli wa madarasa yetu ya jioni. Watu wazima hawaachi kwa sababu ya akili. Hesabu za mkondo na volti zinawatisha wiki za kwanza, kisha wanazizoea, tena wanauliza maswali kuliko vijana kwa sababu wanajua kila kipindi kimelipiwa na nini. Wanaacha kwa sababu mtoto amelazwa, kwa sababu ya msiba mkoani, kwa sababu mwajiri amebadilisha zamu. Akikosa wiki tatu, utaratibu wetu unamhesabu mtoro. Hakuna mahali pa kumwandika kama mzazi.

MUME: Mwajiri wangu analipa tozo ya kuendeleza ujuzi kwenye mishahara yetu. Mhasibu alinionesha. Ilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na anaitoa kila mwezi. Kwa hiyo kwenye jina langu kumelipwa hela ya ufundi wa nchi hii miaka kumi na miwili. Nikitaka kujifunza ufundi, naambiwa nimezidi miaka minne, niache mshahara, niache bima, na nikikosa wiki tatu mimi mtoro. Ningependa kujua hiyo tozo inamsomesha nani.

MWALIMU: Inasomesha vijana wengi, na hilo ni jema. Ila malalamiko yako ni ya haki. Nchi hii iliwahi kufikiri vingine. Mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alipoutambulisha Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, alisema tuanze kuelimisha watu wazima, kwa kuwa watoto hawatabadilisha uchumi hadi miaka mingi ipite, ilhali wazima wanaubadilisha sasa. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa ushirikiano na Uswidi, vikimlenga mkulima na mama wa nyumbani hukohuko waliko. Siku hizi vyuo hivyo vinapokea mabinti waliokatishwa masomo kwa uzazi, na vimeweka mahali pa kulelea watoto wao wakati mama yuko darasani. Tuliweza kumfikiria mwanafunzi mwenye mtoto. Mwenye watoto watatu na mama mgonjwa bado hatujamfikiria.

FUNDI: Vyuo hivyo Chanika havipo, Mwalimu.

MWALIMU: Havipo.

MKE: Basi nitoe masharti yangu, kwa kuwa serikali haiko hapa kwenye mkeka. Baba Salma asiache kazi. Aingie jioni, ngazi ya kwanza, na Jumamosi aende na mdogo wangu ili mkono usibaki nyuma ya kichwa. Jumapili iwe ya nyumbani, haiguswi na mteja wala mtihani. Dada zake wawili walioko Temeke waje kwa zamu kukaa na mama yao usiku wa masomo. Ni mama yao pia, na mpaka leo wanaleta ndizi na kuondoka. Baba Salma ndiye atakayewaambia, si mimi. Na iandikwe kwenye karatasi, na wewe mdogo wangu uwe shahidi: ngazi ya kwanza ikiisha, mimi naingia ushonaji, kabla ya yeye kwenda ngazi ya pili.

MUME: Kabla ya ngazi ya pili? Nikikaa mwaka nje nitasahau.

MKE: Mimi nimekaa nje tangu mtoto wa tatu azaliwe, na bado najua kupima kiuno.

FUNDI: Shemeji, hilo la dada zako ndilo gumu kuliko umeme wenyewe.

MUME: Nitawapigia. Sisemi watakubali. Na la ngazi ya pili sijalikubali pia, Mama Salma. Tulizungumze tena, nisikubali kitu leo nikakuvunjia kesho. Lakini zamu yako naiandika.

MKE: Andika na tarehe.

MWALIMU: Na mimi naondoka na deni. Karakana yetu ina meza, ina vifaa vya kupimia, ina mbao za kufungia nyaya. Jumamosi mchana na Jumapili imefungwa kwa kufuli. Nitaandika barua kwa uongozi niombe ifunguliwe kwa watu kama hawa, na atakayeugua au kuuguza aruhusiwe kuendelea alipoishia.

MKE: Andika, Mwalimu. Na wasomaji wenye vyuo, wenye maghala na wenye kupanga hizo sera za umri, mlisome ombi letu kama lilivyo: pandisheni ukomo wa miaka 35, fungueni karakana jioni na mwisho wa wiki, na mwajiri anayelipa tozo ya ujuzi amruhusu mfanyakazi wake atoke saa kumi siku za darasa. Mengine tutayamaliza wenyewe nyumbani.